Jibu la daktari: uzito wa jeraha hupimwaje kwenye PF3?

Swali: "Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Kibaigwa, wilaya ya Kongwa. Mdogo wangu ni mpakiaji mizigo sokoni. Miezi minne iliyopita alipigwa fimbo na mtu waliyebishana naye juu ya gunia la lumbesa. Alipasuka kichwani akashonwa nyuzi saba, na mkono wa kushoto ulivimba. Kwenye PF3, ile fomu ya polisi ambayo daktari huijaza kuhusu majeruhi, tabibu wa kituo cha afya aliandika: jeraha la kukatwa kichwani, nyuzi saba, uvimbe mkononi, madhara. Baada ya siku tatu uvimbe haukushuka, tukampeleka Dodoma mjini. Picha ikaonyesha mfupa mmoja wa mkono, ule wa upande wa kidole kidogo, umevunjika, akafungwa POP (plasta ngumu), na daktari wa huko akaandika kwenye taarifa yake 'madhara makubwa'. Kesi imefunguliwa kama shambulio la kudhuru mwili. Ndugu wanasema tabibu wa kwanza alipewa kitu. Naomba kujua madaktari mnatumia kipimo gani. Nyuzi ngapi, au siku ngapi za kulazwa, ndipo yanakuwa madhara makubwa? Na je, tunaweza kumwandikia hakimu abadilishe?"

Jibu: Marahaba, ndugu msomaji, na umfikishie mdogo wako pole zangu. Nianze na suala la nyuzi na siku, kwa sababu ndilo ndugu za majeruhi huniuliza kuliko jingine lolote. Katika sheria ya Tanzania hakuna idadi ya nyuzi wala idadi ya siku za kulazwa inayogeuza madhara kuwa madhara makubwa. Ziko nchi zinazohesabu siku. Urusi hutenganisha madhara mepesi na ya wastani kwa mpaka wa siku 21 za kuharibika kwa afya. Ufaransa huangalia kama aliyeumizwa ameshindwa kufanya shughuli zake kwa zaidi ya siku 8. Italia ina mipaka ya siku 20 na siku 40. Na India, ambayo kwa miaka mingi ilitaja siku 20 za maumivu makali au za kushindwa kufanya shughuli za kawaida, imeshusha idadi hiyo hadi siku 15 katika sheria yake mpya iliyoanza kutumika mwaka 2024. Sheria yetu haikupita njia hiyo. Inaangalia mambo mawili: mwili umebaki na hali gani baada ya kuumizwa, na uhai uliwekwa katika hatari kiasi gani.

Kifungu cha 5 cha Kanuni za Adhabu, Sura ya 16, ndicho daktari anachopaswa kuwa nacho kichwani anapofika kwenye sehemu ya PF3 inayomtaka ataje aina ya madhara. Kwanza kuna madhara kwa maana ya jumla, yaani maumivu yoyote ya mwili, ugonjwa au hitilafu ya kiafya, iwe ya muda au ya kudumu. Eneo hili ni pana mno, kiasi kwamba kofi lililoacha uvimbe wa siku moja limo ndani yake. Kisha kuna madhara ya hatari, ambayo ni yale yanayohatarisha uhai. Kuna kulemaza, yaani kuangamiza kiungo cha nje au cha ndani, au mlango wa fahamu, au kukifanya kisifanye kazi tena kwa kudumu. Mwisho kuna madhara makubwa, ambayo yanajumuisha kulemaza na madhara ya hatari, na zaidi ya hapo yanajumuisha kuathirika kwa afya vibaya au kwa kudumu, kuelekea kuathirika hivyo, kuharibika umbo kwa kudumu, na dhara lolote la kudumu au lililo baya katika kiungo cha nje, kiungo cha ndani au mlango wa fahamu. Utaona kwamba sheria haikusema la kudumu na baya kwa pamoja, moja linatosha. Mgogoro wa mdogo wako umo ndani ya kipengele hicho cha mwisho, na nitakirudia.

Sheria hiyohiyo inaeleza jeraha peke yake, kuwa ni mkato au mtoboko unaopasua utando wa nje wa mwili. Kwa hiyo mtu aliyepigwa teke la ubavuni, wengu likapasuka, na ngozi ikabaki nzima, kisheria anaweza kuwa hana jeraha hata moja ilhali ana madhara makubwa, na aliyechanwa na mwiba wa mgunga ana jeraha bila shaka yoyote lakini hana zaidi ya hapo. Wagonjwa wengi huona jambo hili kuwa kinyume, na siwalaumu.

Neno atakaloandika daktari lina matokeo kwa pande zote mbili. Shambulio la kudhuru mwili, lililo chini ya kifungu cha 241, lina kifungo kisichozidi miaka mitano. Kusababisha madhara makubwa, chini ya kifungu cha 225, kuna kifungo kisichozidi miaka saba. Na pale upande wa mashtaka unapothibitisha kwamba mtu alikusudia kusababisha madhara makubwa, kifungu cha 222 kinafikisha adhabu hadi kifungo cha maisha. Tena mashauri mepesi ya shambulio la kawaida, yenye sura ya ugomvi wa watu binafsi, mahakama inaruhusiwa kuyahimiza yamalizwe kwa suluhu na fidia, jambo ambalo haliwezekani kirahisi pindi dhara linapofikia ngazi ya juu. Ndiyo maana ndugu wa aliyepiga na ndugu wa aliyepigwa wote huja kumzungukazunguka daktari wakati PF3 ikiwa mezani.

Sasa kuhusu kipimo. Umeuliza madaktari tunatumia kipimo gani, na inawezekana katika karatasi za rufaa umeona namba. Vipimo vya namba vipo, ila vilitengenezwa kwa kazi nyingine. Kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichoanza kutumika mwaka 1974, kinaanzia alama 3 kwa mtu asiyeitika kabisa hadi 15 kwa mtu mwenye fahamu timamu. Kipo kipimo cha ukali wa majeraha, nacho kilichapishwa mwaka 1974, ambacho huchukua sehemu tatu za mwili zilizoumia zaidi, kikazidisha alama ya kila moja kwa yenyewe na kujumlisha, hadi kikomo cha 75. Majirani zetu wa Uganda walitengeneza kipimo cha Kampala ambacho ni chepesi zaidi na kinafaa hospitali zisizo na mitambo mingi. Vyote hivi hutusaidia kuamua nani aingie chumba cha upasuaji kwanza, nani apewe rufaa usiku huohuo, na nani anaweza kusubiri asubuhi. Vinabashiri uwezekano wa mtu kufa. Havisemi lolote juu ya ulemavu. Mtu aliyekatwa mshipa wa kukunja kidole gumba anapata alama ndogo sana, wala hakuna atakayemkimbiza kwa ambulensi, lakini kidole hicho kisipokunjika tena amelemazwa kwa maana kamili ya kifungu cha 5. Wakili anayesimama mahakamani akasema jeraha lilikuwa dogo kwa sababu alama za fahamu zilikuwa 15 amechanganya mambo mawili, na daktari aliyeko kizimbani anapaswa kumwambia hivyo kwa adabu.

Kinachofanyika hasa ni kwamba daktari anaeleza alichokiona, kisha anakilinganisha na maneno ya sheria. Hatua ya kwanza ndiyo yenye thamani, na ndiyo inayofanywa kwa haraka mno. Mstari kama "uvimbe mkononi" haumsaidii hakimu, wala mwendesha mashtaka, wala hata mshtakiwa. Uvimbe upo mkono upi, sehemu gani, una ukubwa wa sentimita ngapi, ukibonyezwa juu ya mfupa mgonjwa anaruka au hapana, mfupa unacheza mahali usipotakiwa kucheza, vidole vinakunjika, ncha za vidole zina hisia, mapigo ya damu kwenye kifundo yanasikika? Maswali haya hujibiwa kwa mkono na jicho, hayahitaji mashine. Ikiwa kituo hakikuwa na eksirei, au umeme ulikuwa umekatika, njia sahihi ilikuwa kuandika kwamba mvunjiko unahofiwa, mgonjwa apelekwe kupigwa picha, na aina ya madhara itathibitishwa baada ya picha. Hakuna sheria inayomlazimisha tabibu kutoa hukumu ya mwisho juu ya mkono saa moja baada ya ugomvi.

Kwa hiyo nikiisoma PF3 yenu pamoja na taarifa ya Dodoma, sioni lazima kwamba mmoja amesema kweli na mwingine amedanganya. Wa kwanza aliona uvimbe, akaandika kiwango kinacholingana na uvimbe. Wa pili aliona mfupa uliovunjika. Na hata wangeiona picha moja wakiwa wamekaa meza moja, bado wangeweza kutofautiana kwa nia njema, kwa sababu sheria yetu haikutaja mvunjiko wa mfupa kwa jina. India imeutaja waziwazi, pamoja na jino lililovunjika au kung'oka. Sisi tumeachiwa kujiuliza kama dhara ni la kudumu au ni baya. Daktari mmoja atasema mfupa wa mkono ukiunga vizuri katika miezi miwili au mitatu hakuna kilichobaki. Mwingine atasema mfupa mrefu uliokatika vipande viwili kwa kipigo, ukamnyima mtu mkono kwa miezi hiyo yote, ni dhara baya hata kama baadaye uliunga. Mimi nipo upande wa huyu wa pili, maana neno la sheria ni "au", na sioni namna ya kuuita mvunjiko kamili wa mfupa huo kuwa jambo dogo. Hata hivyo nakubali kwamba ufa mwembamba katika mfupa wa kidole cha mguu hauwezi kuwekwa kapu moja na paja lililovunjika, na hapo kila daktari hulazimika kutumia busara na kueleza sababu zake.

Mfupa aliovunjika mdogo wako, yaani ulna, una jambo jingine la kusema. Ukivunjika peke yake katikati ya mkono wa chini, huku mfupa mwenzake ukiwa mzima, mara nyingi ni kwa sababu mtu aliinua mkono kukinga kichwa, fimbo ikatua juu yake. Mtu aliyeanguka na kujizuia kwa kiganja huumia zaidi karibu na kifundo. Daktari hawezi kuapa kwamba ndivyo ilivyokuwa siku ile, lakini anaweza kuandika kwamba mvunjiko huo unaafikiana na kukinga pigo la kitu butu, na sentensi hiyo moja ina faida kubwa endapo mshtakiwa atadai kwamba mlalamikaji alijikwaa kwenye magunia.

Miezi minne imepita, na huu ndio wakati mzuri wa kuupima tena. Atakunja kiwiko hadi digrii tisini na kukibana ubavuni, kisha atageuza kiganja kitazame juu, halafu kitazame chini, na daktari atapima kila upande unageuka digrii ngapi ukilinganishwa na mkono mzima. Atashika kwa nguvu, na nguvu hiyo itapimwa. Atapigwa picha mpya kuona kama mfupa umeunga, umeunga ukiwa umepinda, au haujaunga kabisa, kwani mfupa huu una tabia ya kuchelewa, na wakati mwingine huhitaji kuwekewa chuma. Usishangae daktari akikuuliza pia anatumia mkono gani kazini na kama ameweza kurudi kubeba mizigo. Kazi yake haibadilishi aina ya madhara, kwa maana sheria ya jinai hutazama kiungo, iwe cha mpakiaji au cha karani; lakini inaingia kwenye fidia ambayo mahakama inaweza kuiamuru. Asilimia za ulemavu ambazo watu husikia zikitajwa ni za huko kwenye fidia. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, kwa mfano, hutenganisha ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30, ambao hulipwa kwa mkupuo, na ule unaozidi hapo, ambao hulipwa kila mwezi. Asilimia hizo hazina nafasi katika kifungu cha 225.

Jeraha la kichwani linanitia wasiwasi zaidi kuliko mkono, kwa sababu mbili ambazo hukuziuliza.

Ya kwanza ni maneno "jeraha la kukatwa". Ngozi ya kichwa imelala juu ya mfupa bila nyama nene katikati, hivyo fimbo au rungu linapotua, ngozi hupasuka kwa mstari mnyoofu ambao kwa haraka hufanana na wa panga. Ili kutofautisha, nywele zinyolewe kuzunguka jeraha, damu iliyoganda ioshwe kwa maji safi, taa isogezwe, kisha kingo mbili zitenganishwe taratibu kwa vidole na kutazamwa ndani. Kama ni kitu butu, utaona nyuzi nyembamba za nyama na mishipa midogo zikiwa bado zimevuka kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, kingo zimechubuka na kuvilia damu, na nywele zimepondwa zikasukumwa ndani. Kama ni kitu chenye makali, hakuna kinachovuka. Kila kitu kimekatwa kwa usafi hadi chini, nywele zikiwamo. Uchunguzi huu unachukua dakika mbili, na nafasi yake hupotea sindano ya kwanza ya uzi inapopita. Mashahidi wenu wote watasema fimbo. PF3 inasema kukatwa. Wakili wa utetezi aliye makini atauliza panga lilitoka wapi, na kama hakuna wa kumjibu atajenga shaka juu ya ushahidi wote, hata ule wa mkono. Tabibu aliyemwona kwanza anaweza kufafanua akiitwa mahakamani, kutokana na faili la mgonjwa na kumbukumbu zake, kwamba alitumia neno hilo kwa maana ya ngozi iliyofunguka. Lakini afafanue kwa kuwa ni kweli, asifundishwe cha kusema. Ikiwa kuna mtu alimpiga picha mdogo wako kwa simu kabla hajashonwa, picha hiyo isifutwe, na mpelelezi aelezwe kwamba ipo.

Ya pili ni ubongo. Damu nyingi ya kichwani hutisha watazamaji, ingawa mara nyingi ngozi ya kichwa humwaga damu bila uhai kuwa hatarini, na kwa upande mwingine ipo damu isiyoonekana. Mshipa ukichanika chini ya mfupa wa panja, mtu huweza kuamka, akazungumza na hata kusimulia alivyopigwa kwa saa kadhaa, kisha akapoteza fahamu ghafla. Ipo pia damu inayovuja polepole juu ya ubongo na kujidhihirisha baada ya wiki kadhaa, kwa maumivu ya kichwa yasiyoisha, usahaulifu, kuyumba au udhaifu wa upande mmoja. Hukueleza kama mdogo wako ana dalili hizo. Akiwa nazo, msisubiri tarehe ya kesi. Mpelekeni hospitali yenye kipimo cha CT, Dodoma mjini ipo, na mwelezeni daktari kwamba aliwahi kupigwa kichwani. Matokeo yakionyesha damu ndani ya fuvu au fuvu lililobonyea, hilo ni dhara la hatari, na sura ya shauri zima inabadilika.

Kuhusu hatari ya uhai niongeze kwamba tunaipima kwa kilichotokea mwilini, bila kupunguza kwa sababu tiba ilifaulu. Kisu kilichoingia tumboni na kutoboa utumbo kilihatarisha uhai, hata kama mgonjwa alipasuliwa usiku uleule na baada ya wiki mbili anatembea sokoni akinunua nyanya. Upasuaji mzuri haumpunguzii mshambuliaji uzito wa alichokifanya. Hali kadhalika kishimo cha sentimita moja kifuani, kisichotoa hata damu ya kulowesha shati, huweza kuwa kibaya kuliko mchano mrefu wa mgongoni.

Kuna eneo ambalo madaktari wa kwetu hujikwaa sana, nalo ni umri wa alama za kuvilia damu. Vitabu huzungumzia rangi zinazobadilika, na rangi ya njano haitarajiwi kabla ya saa 18 hivi, lakini katika ngozi nyeusi rangi hizo hazisomeki kwa urahisi, na hata katika ngozi nyeupe hazifuati ratiba. Ni salama zaidi kupapasa uvimbe, kutazama kwenye mwanga wa kutosha na kumrudisha mgonjwa baada ya siku moja au mbili, kwani alama nyingi hujitokeza baadaye. Fimbo, kwa bahati, huacha sahihi yake: mistari miwili iliyovilia damu inayokwenda sambamba, na katikati yake ngozi isiyovilia damu.

Halafu kuna maradhi yaliyokuwepo kabla. Kongwa kwenu kwa miaka mingi imekuwa mahali pa utafiti wa trakoma, na wazee wengi wanaishi na makovu machoni. Mtu wa namna hiyo akipigwa ngumi ya jicho, daktari asiyeuliza historia ataandika kwamba kipigo ndicho kilichompofusha. Wajibu wake ni kueleza kovu la zamani ni lipi, damu mpya ndani ya jicho ni ipi, na uwezo wa kuona ulikuwaje kabla kwa maelezo ya mgonjwa na kadi zake. Wengu lililokuwa limevimba kwa malaria ya muda mrefu au kichocho nalo hupasuka kwa pigo ambalo lisingemdhuru mtu mwingine. Hapo daktari anaandika mambo yote mawili, ugonjwa na pigo, na kuiachia mahakama iamue uwajibikaji.

Na kweli mahakama ndiyo inayoamua. Maoni ya mtaalamu yanapokelewa kwa mujibu wa Sheria ya Ushahidi, lakini hayamfungi hakimu. Anaweza kuyakataa akitoa sababu. Daktari pia hasemi nani alipiga, wala alikuwa na nia gani. Ndiyo maana wakati mwingine mtu mwenye mchubuko mdogo shingoni huwa mlalamikaji katika kesi ya kujaribu kuua, kwa sababu ya maneno na matendo ya aliyemshambulia, huku cheti cha daktari kikisema madhara ya kawaida. Jambo jingine ambalo familia hazilijui ni kwamba mshtakiwa ana haki ya kuelezwa kuwa anaweza kutaka daktari aliyejaza PF3 aitwe na kuhojiwa. Mahakama ya Rufani imewahi kuondoa PF3 katika ushahidi kwa sababu tu haki hiyo haikuelezwa, au kwa sababu kielelezo kilipokelewa bila kusomwa kwa sauti ili mshtakiwa ajue kilichomo. Daktari kufika mahakamani kunaonekana usumbufu, nasi madaktari tunanung'unika, ila karatasi iliyotetewa na mwandishi wake ina nguvu kuliko karatasi iliyoachwa ijitetee.

Juu ya tuhuma kwamba tabibu alipewa kitu, nakuomba muwe waangalifu. Tofauti kati ya karatasi hizi mbili ina maelezo ya kawaida niliyokwisha kuyatoa, na mkianza kwa kumtuhumu mtu ambaye ndiye shahidi wenu wa kwanza wa jeraha la kichwani, mtakuwa mmeubomoa ushahidi wenu kwa mikono yenu. Kama yupo aliyeona fedha zikitolewa, TAKUKURU ipo, na kwa daktari aliyesajiliwa lipo pia Baraza la Madaktari Tanganyika kwa mambo ya maadili. Kama hayupo, acheni.

Swali lako la mwisho lina jibu rahisi: msimwandikie hakimu. Hakimu hapokei barua kutoka kwa upande mmoja wa shauri, na barua hiyo inaweza kuwaletea matatizo. Mwendeeni mpelelezi aliyeandikisha shauri hapo kituoni, mkiwa na nakala ya taarifa ya Dodoma na picha zote za eksirei, filamu zenyewe na siyo maelezo yake peke yake, zikiwa na jina na tarehe. Mwombeni aandike barua rasmi ya kuomba mdogo wako achunguzwe upya na daktari bingwa wa mifupa, kwani uchunguzi ulioombwa na polisi hauibui maswali ya nani aliulipia na kwa nini. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa na Hospitali ya Benjamin Mkapa zote ziko mjini Dodoma na zina uwezo wa kazi hiyo. Taarifa mpya ikikamilika ipelekwe kwa wakili wa serikali au mwendesha mashtaka anayeendesha kesi. Yeye ndiye mwenye uwezo wa kuomba hati ya mashtaka ibadilishwe kabla ya hukumu, na mahakama ikikubali, mshtakiwa atasomewa shtaka jipya na kuulizwa upya kama anakiri au anakana. Mashahidi waliokwisha kutoa ushahidi huweza kuitwa tena upande wa pili ukitaka.

Fanyeni hivyo kabla ya tarehe inayofuata, maana kubadilisha hati mapema, kabla mashahidi hawajasikilizwa, kunawapunguzia nyote safari za kwenda na kurudi. Na kwa daktari atakayemwona, msimwombe aandike "madhara makubwa". Mwombeni aandike mkono unageuka digrii ngapi, mfupa umeungaje, na kama anategemea hali hiyo itabadilika tena au imefika kikomo.